Mashine ya gemu ya zamani: badilisha ubongo, kioo kiache

Siku hizi naona watu hapa Nairobi wakipata zile mashine za gemu za kusimama, zile za kuingiza koini, na kitu ya kwanza ni kung'oa kila kitu ndani, wanaweka skrini flati na Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, alafu wanasema imekuwa mpya. Mi nakataa. Hapo umebaki na kabati tu.

Si eti napinga Pi, bodi za zamani zinakufa na spea ni shida. MAME, programu ya kuiga mashine za zamani kwa kompyuta, imekuwepo tangu 1997 na inacheza maelfu ya gemu, na kama mashine yako ina waya za JAMMA, ile standadi ya Wajapani ya 1985 ya kuunganisha bodi na kabati, yenye pini 56, kazi ni rahisi kabisa, kuna vibodi vidogo vya kuunganisha Pi na hizo pini bila kukata waya hata moja. Kwa hivyo ubongo badilisha, sina neno.

Shida yangu ni kioo. Pac-Man ya 1980, Street Fighter II ya 1991, hizo zilichorwa na watu waliokuwa wanaangalia TV ya kisogo, ile nene ya bomba la glasi, picha ya mistari mia mbili na kitu hivi, signo ya kilohezi 15, na ile rangi kumwagikiana kidogo ndiyo inafanya sura ya mchezaji ionekane kama sura. Weka hiyo picha kwa flati ya leo unaona vibox vibox tu. Na kuchelewa je? Flati nyingi zinashika picha kidogo kabla ya kuionyesha, kwa gemu ya kupigana hiyo ndiyo tofauti ya kublok na kula ngumi. Bunduki za zamani za kulenga skrini nazo hazifanyi kazi kwa flati, zinategemea mwanga wa kisogo.

Watu wataniambia kisogo kimefifia ama picha inacheza. Sawa, lakini mara nyingi ni kapasita zimekauka, na huu mji umejaa mafundi waliolelewa na TV za Great Wall, nenda barabara ya Luthuli ama uliza mtaani kwenu, hiyo ni kazi wanaijua. Usifungue mwenyewe lakini, tafadhali, ndani kuna volti zaidi ya elfu 20 na inaweza kukutupa hata kama umeizima. Na ukikitupa hicho kisogo, hiyo glasi ina madini ya risasi, inaishia jalala la Dandora kwa mikono ya mtu.

Kama bomba limevunjika kweli, basi, tafuta monita ya mtumba ya 4:3, lile umbo la TV za zamani, usinyooshe picha ijaze skrini pana.

Kuna kitu kingine hakuna mtu anasema, stima. Mashine ikitoka Japani inataka volti 100, ya Marekani 120, yetu ni 240, kwa hivyo transifoma ya kushusha kwanza kabla hujagusa plagi. Alafu Pi haipendi kuzimwa ghafla, stima ikipotea wakati inaandika, kadi ya SD inaharibika, na huku kwetu stima inapotea. Iweke mfumo wa kusoma tu, isiandike kitu kwa kadi, ama tafuta yupiesi ndogo, ile betri ya kushikilia stima ikipotea. Pesa ikibaki nunua joistiki na batani nzuri, hizo ndizo mkono unagusa kila siku.