Nani alikuambia ufute ile folda?

Simu yenyewe ilikuwa fupi: "Fundi, ile programu ya mauzo imegoma kuapdeti." Ni duka la vifaa vya ujenzi, kompyuta moja ya mezani yenye Windows 10, na programu iliyotengenezwa na kijana mmoja kwa ajili ya duka hilo tu. Ukisakinisha toleo jipya, mstari wa kijani unatembea vizuri, halafu unaanza kurudi nyuma. Mwisho linatokea kosa 1714: toleo la zamani haliwezi kuondolewa.

Mzee mwenye duka alishajaribu kuliondoa mwenyewe kupitia Control Panel, likakataa. Alikuwa anajiandaa kufuta folda ya programu kwenye Program Files. Nikamwambia asiguse chochote, nakuja. Kufuta folda si kuondoa programu. Kwenye rejista ya Windows, yaani daftari lake la ndani la programu na mipangilio, bado inahesabika kuwa ipo, na sasa umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Mafundi wengi hapo hukimbilia kupiga Windows upya. Mimi nauona huo ni uvivu. Kisakinishi cha MSI, yaani faili la kusakinishia programu kwenye Windows, kinaweza kukueleza chenyewe kilipokwama, ukikiomba kwa amri hii kiandike kila hatua kwenye faili:

msiexec /i duka.msi /l*v C:\logi\duka.txt

Faili linalotoka ni refu hadi linatisha, ila husomi lote. Tafuta maneno "Return value 3", alama ya hatua iliyoshindikana, kisha panda mistari michache juu yake. Kwangu palikuwa na namba 1612, yaani chanzo cha usakinishaji hakipatikani.

Hapo nikauliza: kuna mtu amesafisha hii kompyuta karibuni? Yupo. Diski C ilijaa, akaitwa kijana mwingine, akaona folda iliyofichwa, C:\Windows\Installer, imekula nafasi kubwa, akaifuta yote. Mle ndimo Windows inamohifadhi nakala ya kila MSI iliyosakinishwa, na nakala hiyo ndiyo inayotumika siku ya kukarabati au kuondoa programu. Ukiifuta, hakuna kinacholalamika siku hiyo. Utajua baada ya miezi, toleo jipya likija.

Dawa yake ni MSI ya zamani, ileile hasa, kwa jina lilelile, si nyingine iliyotengenezwa upya. Kijana aliyeiandika programu hakuwa nayo tena, na hili ndilo lililoniudhi kuliko folda iliyofutwa. Unamuuziaje mtu programu halafu hutunzi matoleo uliyomkabidhi? Bahati nzuri mzee alikuwa na flashi yenye MSI hiyo kwenye droo, chini ya vitabu vya risiti. Nikaendesha msiexec /fvomus, amri ya kukarabati, kwa faili lile, Windows ikajirudishia nakala yake, na toleo jipya likaingia bila ubishi.

Waandishi wa programu za kuagizwa na mteja mmoja hujaribu kusakinisha mara mia kwenye kompyuta zao, lakini kuondoa hawajaribu hata mara moja. Wala kupandisha toleo juu ya lile alilonalo mteja. Nimewahi kukuta programu moja imejiorodhesha mara mbili, kwa sababu mwandishi alitoka 2.4.1.0 kwenda 2.4.1.1. Windows Installer inalinganisha namba tatu za mwanzo tu. Ya nne haiihesabu, kwa hiyo iliona matoleo hayo mawili ni sawasawa. Na kuna wale ambao kiondoaji chao hufuta hata hifadhidata ya mauzo bila kuuliza! Huyo angenikuta siku nina njaa tungekosana.

Kabla sijaondoka nilinakili MSI zote mbili kwenye diski D, nikaiita folda USIFUTE. Mzee akaitazama, akaniuliza inakula nafasi kiasi gani.