Kopo la bibi na kopo la Göteborg

Miezi yangu ya kwanza Göteborg nilidhani Waswidi wanaumwa ufizi. Kazini kila wa pili ana kauvimbe juu ya meno ya mbele. Kumbe ni snus: tumbaku kwenye vifuko vidogo mfano wa vile vya majani ya chai, unachomeka kimoja chini ya mdomo wa juu na kazi inaendelea. Hakuna moshi, hakuna chafya, hakuna kutema. Kopo lina hadi kishimo kifunikoni cha kuwekea kilichoisha nguvu.

Bibi yangu kule Machakos naye alikuwa na kopo. Aligonga kifuniko kwa ukucha mara tatu, akafungua, akabwia, halafu mate meusi hayo, tuondokeni njiani! Wajukuu tulitumwa ugoro sokoni na hakuna aliyeuonja. Ulikuwa wa wazee, kama mkongojo.

Ukichunguza, ni ndugu. Ugoro hukolezwa magadi, snus nayo hutiwa soda, ili nikotini ipenye ufizini upesi. Ila snus hupashwa moto kiwandani, na baadhi ya sumu za saratani hupungua. Wetu unasagwa nyuma ya kibanda, nani anapima? Hapo nawapa Waswidi haki yao. Ulaya ilipiga snus marufuku mwaka 1992, wao wakajiunga na Umoja wa Ulaya 1995 kwa sharti waachiwe yao, na leo wavutaji sigara kwao ni wachache mno.

Lakini "afadhali kuliko sigara" ni hoja ya mtu mzima aliyekuwa anavuta. Binti wa miaka 16 ambaye hajawahi kuwasha hata moja, anaacha nini? Sheria inataka 18, na bado nawaona kwenye tramu na vile vifuko vyeupe visivyo na tumbaku, ni nikotini tu na ladha ya mnanaa. Snus ya kahawia ilikuwa ya baba zao. Hii haitii meno doa wala hainuki, na mama hajui kitu.

Kwetu waliodharau ugoro wa bibi wakaangukia kuberi, tumbaku nyingine ya kuweka mdomoni, na sasa vifuko vyeupe vimeshafika Nairobi. Tuna sheria tangu 2007 inayokataza kumuuzia mtoto tumbaku. Sawa, lakini mwalimu atamjuaje? Bibi ulimnusa kabla hajabisha hodi.

Juzi mpwa wangu wa kidato cha tatu kaniandikia: "Mjomba, ukija Desemba niletee zile za mnanaa, za huku ni feki." Nikamuuliza kajuaje kwamba ni feki. Kanitumia vicheko tu.