Hesabu ya Upepo Uliopotea

Wateja wa rangi ya gari wako wa kila aina, lakini asikuambie mtu, hakuna anayechosha fundi kama mweka hazina mstaafu. Mzee huyu alitunza fedha za chama cha ushirika kwa miaka mingi, na alipoileta Corolla yake kwenye gereji yetu ya Temeke ili ipigwe rangi ya damu ya mzee kabla ya harusi ya mjukuu wake, aliomba kiti, akakiweka karibu na madigadi ya mbele, akaikusanya vizuri kanzu yake nyeupe na kutangaza kwamba haondoki mpaka kazi iishe. Nilimweleza kwa adabu kwamba ukungu wa rangi hauchagui bati wala nguo. Akanijibu, "Mwanangu, fedha nazo zilikuwa zinaruka, na nilikaa nazo hivi hivi."

Kompresa yetu tunaitumia pamoja na fundi wa matairi, ambaye banda lake limepakana na langu. Kila mmoja ana mpira wake, lakini mipira yote miwili inatoka kwenye regyuleta moja, yaani kile kifaa cha kuongeza na kupunguza presha ya upepo, na umeme wa LUKU tunauchangia. Tuna makubaliano ya miaka kwamba ninapopuliza rangi yeye hajazi upepo, kwa sababu tairi la Fuso linataka PSI 100 na ushei, kwa kipimo cha presha ya upepo, ilhali spreigani yangu, bunduki ya kupulizia rangi, ya kikombe cha chini inatosheka na 45.

Hiyo 45 naisoma kwenye geji ndogo niliyoifunga kwenye kitako cha spreigani, tena triga ikiwa imebanwa, kwa maana upepo uliotulia husoma juu, kisha mshale hushuka mara upepo unapoanza kutembea. Nilijaribu kwanza kwenye kipande cha boksi. Rangi ikatua kwa matone manene, dalili kwamba presha haitoshi na kwamba bati lingekauka na vinundu kama ganda la chungwa. Nikafungua regyuleta kidogo kidogo, nikajaribu tena, mpaka alama kwenye boksi ikawa yai refu lenye chembe laini toka juu hadi chini. Nilikuwa nimeridhika kabisa, na ninaomba msomaji alikumbuke hilo.

Hapo mzee akasimama. Akaenda kwenye kompresa, akavaa miwani, akarudi.

"Kule mmeandika 55," akasema, "na hapa unapokea 45. Kumi zimekwenda wapi?"

Nilimfafanulia kwamba mpira ni mrefu na mwembamba, kwamba upepo husuguana na kuta zake njia nzima na hukabwa kwenye kila kiungo, na kwamba kupungua huko ni kwa kawaida, ndiyo maana fundi husoma presha mkononi mwake wala si kwenye tangi. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Nimewahi kuletewa maelezo mengi ya hasara, mwanangu, lakini mwizi aitwaye msuguano ndiyo kwanza namsikia leo." Akainama, akaanza kuukagua mpira kuanzia kwenye kompresa, akiuminya kwa vidole na kutega sikio kwenye kila klempu, huku akilalamika kwa sauti ya mkutano mkuu kwamba upepo wake umeibwa.

Jirani yangu wa matairi ni mtu mwema, na wema wake ndio uliotumaliza. Aliposikia kwamba mzee wa watu amepungukiwa upepo, alinyoosha mkono bila kuuliza na kuifungua regyuleta mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa nimemaliza kujaza kikombe. Mzee naye ukaguzi ulikuwa umemfikisha mwisho wa mpira, pua yake ikiwa shibri moja kutoka kwenye geji. Nilibana triga. Mshale uliruka, ukapita 90, na spreigani ikatoa mlio ambao sijawahi kuusikia katika kazi hii. Kwa presha ya namna hiyo rangi haitui bali husambaratika kuwa vumbi: nusu ilikaukia hewani na kuangukia boneti ikikwaruza kama msasa, nusu nyingine iligonga madigadi, ikageuka ilikotoka na kumkuta mzee njiani.

Walio barabarani waliona wingu jekundu, kisha mzee mwenye kanzu iliyotapakaa damu akitokea ndani yake. "Tairi limempasukia mzee!" Mama lishe alifika wa kwanza, akamfunga kitambaa kichwani na kuanza kutafuta jeraha. Waendesha bodaboda wawili walikuwa tayari wanagombania nani ampeleke hospitali. Mzee alikaa kimya katikati ya kelele zote hizo, akavua miwani, macho yake yakabaki ndani ya miduara miwili misafi, akanigeukia.

"Sasa inasoma ngapi?"

Kabla sijajibu, jirani alikuja akijifuta mikono, akitabasamu. "Mzee, nimekurudishia zile kumi zako, na faida juu."

Boneti na madigadi ilibidi zisubiri zikauke, nizipitie na msasa wa maji namba 800, nizifute, na kuzipuliza upya kwa 45 ileile, safari hii kijana wangu akiwa amesimama mbele ya regyuleta na spana mkononi. Gari lilitoka safi. Kanzu tuliijaribu kwa thina, tukafanikiwa kuisambaza rangi hadi mgongoni.

Siku ya malipo mzee alikata bei ya kanzu kwenye fedha zangu, hesabu ikiwa imeandikwa vizuri kwenye karatasi yenye mistari. Jirani alipoona fedha zinatembea, naye akajisogeza na kudai za upepo, kwa hoja kwamba aliujaza kwa ombi la mteja na kwamba yuniti za LUKU hazikuokotwa. Mzee hakubisha. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa noti, akaishikilia hewani, na kuuliza stakabadhi iko wapi.