Stika Haina Difu

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alisimamisha gari mbele ya geti langu akapiga honi mara tatu, kama mtu aliyeleta mahari. Nikatoka na kikoi changu. Toyota Celica nyekundu, imesuguliwa mpaka ukitazama mlango unaona meno yako. Ubavuni, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, saini ya Carlos Sainz, dereva wa mbio za magari. Ndani, karibu na gia, kibao cha bati chenye namba.

"Mzee, nimeipata," akaniambia. "Moja kati ya elfu tano."

Nilifurahi kwa dakika moja hivi. Halafu nikafanya ninachofanya kila nikiona Celica: nikashika kiuno, nikainama, nikachungulia chini kwa nyuma.

Difu, lile boksi la gia linalozungusha magurudumu ya nyuma, hakuna. Propela hakuna. Ni bomba la moshi na tangi la mafuta tu, kama gari lolote la kwendea sokoni.

Wenzangu wa ugonjwa huu mshaelewa. Celica iliyoshinda mbio za magari za Safari inasukuma kwa magurudumu yote manne, na gari haliwezi kusukuma nyuma bila difu ya nyuma. Ile ya kijana ilikuwa ST182, inayovuta kwa mbele, iliyovishwa boneti na bampa ya nduguye tajiri. Sikumwambia palepale. Nilimwambia "rangi safi sana", nikamkaribisha kahawa. Ni woga, naukiri. Alipotaja bei aliyolipa, nikaweka kikombe chini taratibu, maana mkono ulianza kutetema.

Tangu siku hiyo nina hasira na dalali nisiyemjua hata kwa sura. Kwa hiyo leo mtanivumilia.

Sisi tuliokua miaka ile tuliisikiliza Safari kwenye redio. Pasaka kwetu ilikuwa na harufu mbili, ya pilau ya majirani Wakristo na ya betri mpya za redio ya ami. Mwaka 1992 Sainz akashinda na hii Celica. 1993 Kankkunen, na nyuma yake Alén, Duncan na Iwase, nafasi nne za juu zote Toyota, wengine wakaambulia vumbi. 1994 Ian Duncan, mtoto wa nyumbani, na ami akapiga meza kwa nguvu chai ikamwagika yote. 1995 Fujimoto. Miaka minne mfululizo, gari ni lile lile, ST185, yaani Celica GT-Four, na snokeli yake imepanda pembeni ya kioo ili isinywe maji ya mito. Ukiniuliza nani alikuwa rais wa Marekani mwaka 1992 nitafikiria kwanza. Mshindi wa Safari nakutajia usingizini.

Sasa, hiyo "elfu tano" ambayo kila dalali anaiimba. Wangapi wanajua imetoka wapi? Haikutoka kwa mtu wa matangazo aliyekaa akawaza namba tamu. Ilikuwa sheria. Kwenye Kundi A, daraja la mashindano walilokuwa wakishindania, ukitaka kushindana na gari, sharti kwanza uwe umetengeneza elfu tano za kuuzia watu wa kawaida. Na kilichokuwa kimeundwa kwenye gari la barabarani ndicho ulichoruhusiwa kwenda nacho mashindanoni. Ukitaka intakula (kipoza hewa inayoingia injini) ya maji kule kwenye matope, lazima umuuzie na daktari wa meno intakula ya maji. Timu ya Toyota kule Köln, Ujerumani, ilikuwa chini ya Ove Andersson, mtu aliyeyajua matope yetu kwa kuyalamba, maana aliishinda Safari mwaka 1975 akiendesha Peugeot 504. Hawa hawakubandika namba ili ikuvutie wewe. Waliunda elfu tano kwa sababu hawakuwa na njia nyingine, na ukiniuliza mimi, hilo ndilo linalolifanya gari hili liwe na heshima kuliko matoleo maalumu mengi ya leo, ambayo umaalumu wake ni rangi ya uzi wa viti.

Katika hizo elfu tano, 1,800 zilibaki Japani, zikaitwa GT-Four RC. Uingereza zikaenda 440, na huko Ulaya ndiko zilikopewa jina la Carlos Sainz. Australia wakapata 150, wao wakaziita Group A Rallye. Gari moja, majina ya masoko.

Hapo ndipo dalali wetu alipojikwaa. Spidomita ya gari la kijana inaishia 180, kama magari mengi yaliyouzwa Japani. Kanda ya kupunguza mwanga wa jua ina maandishi ya Kijapani. Halafu ubavuni ana saini ya soko la Ulaya! Gari haliwezi kuuzwa Nagoya na London siku moja, bwana. Kama ni la Japani na ni la kweli, ni RC, na hiyo saini ni ya nini? Ukisikia uongo umevaa nguo mbili ujue haukuwa na hata moja.

Kumbe na hadithi yenyewe ilikuwa na tundu. Dalali alimwambia "imeshuka bandarini juzi". Juzi! Gari la mwaka 1991! Kenya hii ambayo gari likipita miaka minane haliruhusiwi kuingia? Na namba yake inaanza na KAH, namba ya miaka ya tisini. Kila Celica ya aina hii iliyopo hapa kwetu iliingia zamani, na zinapungua tu, haziongezeki. Ndiyo maana wa bandia wanastawi. Kitu kisichoweza kuletwa tena hutengenezwa uani.

Nisijifanye mjuzi wa kuzaliwa. Mimi mwenyewe nililala miaka juu ya dhahabu nikidhani ni godoro. Ami alinunua Celica yake mwaka 1998 kwenye yadi moja hapa Mombasa, akijua anapata GT-Four ya kawaida, na ndivyo alivyoamini mpaka alipofariki. Nilipoirithi ilikuwa na injini isiyo yake, kutu kwenye matao ya magurudumu ya nyuma (chumvi ya bahari haijui toleo maalumu), na boneti ambayo haikuniingia akilini. GT-Four ya kawaida intakula yake ni ya hewa, imekaa juu ya injini, kwa hiyo boneti inabeba mdomo mkubwa wa kuilisha upepo. Hii ya ami haikuwa na mdomo ule. Ilikuwa na matundu tofauti, ya kutolea joto la tabo, ile feni inayosukumia injini hewa. Nikadhani ni kazi ya fundi wa bodi aliyekosa boneti sahihi.

Ikabidi niende kwa fundi wa ami, mzee wa makamo, mpole, mwenye gereji chini ya mwembe.

"Fundi, shikamoo. Ile intakula ya Celica ya ami ilikuwa wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Iko kwenye gunia."

"Gunia?"

"Ilikuwa ya maji. Pampu yake ikafa, ami yako akasema hana pesa ya kuagiza pampu Japani. Nikaitoa, nikamuwekea ya Subaru."

"Na hukuitupa?"

"Alumini ile, mwanangu. Nilikuwa nangoja bei ya kilo ipande."

Wallahi nilikaa juu ya tairi. Intakula ya maji ina pampu yake peke yake na rejeta yake ndogo kule mbele. Nikarudi nyumbani, nikafungua bampa, nikawasha tochi ya simu. Vishikizo vya ile rejeta ndogo vilikuwepo, vimechomelewa kiwandani, vimepigwa rangi ile ile ya bodi, havijaguswa na mtu tangu Japani. Nikachukua mswaki na mafuta ya taa, nikasugua sahani iliyo kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi. ST185H. Nikasugua namba ya chesisi iliyopigwa kwenye bati lenyewe, nikailinganisha na kitabu cha gari, herufi kwa herufi. Mke wangu alitoka akanikuta nimelala kifudifudi juu ya injini nikicheka peke yangu, akarudi ndani bila kuuliza.

Basi ninachotaka kusema ni hiki, na nitakisema kwa sauti kwa sababu nimechoka kukisema kwa upole. Usianzie kwenye kibao. Kibao cha kijana kina skrubu mbili. Kitu kinachoshikiliwa na skrubu mbili hakiwezi kuwa shahidi wa kitu chochote. Mwenye bisibisi ndiye mwenye ukweli. Stika zinauzwa kwa seti, na saini ya Sainz inachapishwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapa mabango ya siasa. Boneti inatembea kutoka gari hadi gari, bampa vile vile. Hata karatasi, samahani, karatasi nimeziona zikizaliwa usiku na kukauka asubuhi. Anza na kisichoweza kuhama bila msumeno: namba iliyopigwa kwenye bati, vishikizo vilivyochomelewa kabla ya rangi, sakafu ya nyuma iliyoumbwa kupokea difu. Mtu anayeuza halisi atakuletea taa mwenyewe ukitaka kuingia chini. Anayekuambia "utachafua nguo, mzee" ameshakujibu.

Ninachokasirikia zaidi si hata pesa. Ni kwamba feki moja inamfanya mwenye halisi awe mtuhumiwa. Sasa nikipaki mahali, watu wananitazama: mbona ya kwako haina saini? Mbona haina kibao? Juzi mtu mzima na akili zake aliniambia yangu ni feki kwa sababu haina stika. Mimi! Niliyemsugua mwanangu huyu kwa mswaki!

Haya, na upande wa pili nao niusemee, ingawa kwa shingo upande. Anayejenga nakala na kusema ni nakala, huyo mimi namvulia kofia. Kijana akiipenda Celica ya kuvuta kwa mbele akaipaka nyeupe, kijani na nyekundu kama za Safari, ni mapenzi, na mapenzi hayana chesisi. Na fundi wa ami simlaumu. Kwa joto la Mombasa, bila pampu, bila spea, alifanya gari litembee miaka zaidi ya ishirini. Wapo walioziacha za kwao zikae "orijino" juu ya mawe mpaka kuku wakataga ndani. Na injini yangu, nilishasema, si yake. Namba ya injini kwenye kitabu cha gari ni ya chuma kingine kabisa. Wazungu wa mashindano ya kulinganisha namba wangenikata alama nyingi. Wakate.

Petroli inakunywa. Bima ni matusi. Wanaosema "si ungenunua Subaru tu" nawaombea dua.

Niliporudi kwa kijana Jumanne, nilimweleza. Nilimtoa nje, nikamlaza chini kwenye kipande cha kadibodi chini ya gari langu, nikamuonyesha difu. Kisha tukaenda chini ya la kwake. Alikaa kimya muda mrefu akitazama pale palipopaswa kuwa na kitu. Akaniuliza kama anaweza kurudishiwa pesa. Nikamuuliza kama ana risiti. Akacheka, mimi pia, ile ya kutokujua mtu afanye nini na uso wake.

Ili kumtuliza nikasema twende tukatembee, yeye na lake, mimi na langu, asikie sauti ya tabo. Intakula ya maji nilisharudisha, na pampu nyingine nimeifunga mwezi uliopita. Tukapanda daraja la Nyali, mimi mbele najigamba. Katikati ya daraja nikaona moshi mweupe, kisha sindano ya joto ikalala kulia, kisha gari likazima kabisa, na foleni nyuma yangu ikaanza kuimba.

Kijana akapita, akasimama mbele, akatoa kamba kwenye buti. ST182, magurudumu mawili ya mbele, ikakaza, ikapumua, ikaanza kunivuta. Mimi nimeshika usukani nimeinamisha kichwa. Matatu ikatupita taratibu, makanga ananing'inia mlangoni, akasoma ile saini ubavuni mwa gari la kijana, akapiga bodi kwa kofi:

"Safi sana, Carlos Sainz! Mtoe huyo mzee na mkebe wake barabarani!"