Nia ya Mwendesha Mashtaka Haimfutii Mtu Kosa

Mwongozaji filamu Roman Polanski alipokamatwa katika uwanja wa ndege wa Zurich, Uswisi, mwezi Septemba 2009, watetezi wake hawakuhangaika sana na swali la kama alitenda au hakutenda. Jibu lilikuwa katika kumbukumbu za mahakama ya Los Angeles tangu mwaka 1977, alipokiri kosa la kufanya ngono na msichana wa miaka 13, kabla ya kutoroka Marekani mwanzoni mwa 1978 bila kusubiri adhabu. Walichouliza ni kwa nini akamatwe wakati ule, baada ya miaka 31, na wapo waliomnyooshea kidole mkuu wa mashtaka wa Los Angeles, Steve Cooley, ambaye mwaka uliofuata aligombea uanasheria mkuu wa California.

Swali hilo silidharau. Marekani waendesha mashtaka wengi huchaguliwa kwa kura, na anayeomba kura anajua kwamba mshtakiwa mmoja mashuhuri hutangazwa kuliko washtakiwa mia wasiojulikana. Lakini hata tukichukulia kwamba Cooley hakutafuta kingine ila kura, msichana yule anabaki kuwa na miaka 13 siku ile, na aliyekiri anabaki kuwa amekiri. Nia ya anayeshtaki hutueleza tabia ya anayeshtaki. Juu ya kilichomfika mtoto yule haituelezi lolote.

Ninachokiogopa kwa kweli si nia, ni matendo. Mwendesha mashtaka akificha ushahidi, akimfundisha shahidi la kusema au akivunja ahadi ya dola, hapo haki imeguswa, hata kama moyo wake ulikuwa safi kabisa. Kesi ya Bill Cosby, mchekeshaji wa Marekani aliyetuhumiwa kumdhalilisha mwanamke kingono, inaonyesha tofauti hiyo. Mwaka 2005 Bruce Castor, mkuu wa mashtaka wa kaunti ya Montgomery, Pennsylvania, alitangaza kwamba hatamshtaki. Mwaka 2015 Kevin Steele aligombea dhidi ya Castor huyo huyo, akaifanya kesi hiyo kuwa silaha ya kampeni, akashinda, na Desemba mwaka huo Cosby akashtakiwa. Alitiwa hatiani 2018, lakini Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ikaifuta hukumu. Haikuifuta kwa sababu Steele alitafuta kura. Ilisema kwamba Cosby alitoa maelezo katika kesi ya madai akitegemea tamko la Castor, na maelezo hayo yakageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Uamuzi huo uliniuma, kwa kuwa jopo la wazee wa baraza lilikuwa limemwamini mwanamke aliyemlalamikia, lakini hoja yake naielewa.

Polanski naye alidai kwamba alimhofia jaji, kwamba angegeuka makubaliano yaliyokwisha kufikiwa. Huenda hofu hiyo ilikuwa na msingi. Hata hivyo mwenye hofu ya namna hiyo hukata rufaa, kama alivyofanya Cosby akiwa gerezani. Hapandi ndege na kuishi ng'ambo kwa miongo kadhaa, kisha akalalamika kwamba wanaomtafuta wana malengo yao.

Limebaki jambo moja linalonisumbua zaidi ya yote. Mwanamke aliyetendewa na Polanski ameomba kwa miaka mingi kesi hiyo ifungwe, na mwaka 2017 alifika mwenyewe mahakamani kuomba hivyo, akakataliwa. Uchu wa sifa wa maofisa, nadhani, humwumiza zaidi mtu kama yeye kuliko mshtakiwa, maana kila kesi inapofufuliwa ni jina lake linalotajwa upya na ni utoto wake unaojadiliwa na wageni. Kwa hiyo ninapodai kwamba mkosaji ashtakiwe hata na mwendesha mashtaka mwenye tamaa, nadai pia kwamba mwendesha mashtaka huyo, kabla ya kuitisha waandishi wa habari, azungumze kwanza na aliyeumizwa na kumsikiliza.