Acheni kumuuzia mgonjwa wa TB kopo la kupandisha kinga

Mzee mmoja mtaani kwetu, huku Mbagala, Dar es Salaam, amegundulika ana TB. Dawa anapewa bure, kama wagonjwa wenzake wote. Aliambiwa pia ale vizuri, ikaishia hapo. Hakuna aliyemweleza ale nini wala kwa fedha ipi. Wanawe, wanaompenda sana, wakachanga na kumnunulia kopo la unga wa kupandisha kinga kutoka kwa kijana anayepita mitaani na spika. Bei ya lile kopo naijua. Ingetosha maharage, dagaa, mafuta na mayai ya nyumba nzima kwa wiki kadhaa. Na wiki hiyohiyo nyumba ile ilikuwa inapika mara moja kwa siku, ugali na mchicha. Hasira haijaniisha mpaka leo.

Wanawe siwalaumu. Anayenikera ni yule anayewauzia watu kinga kana kwamba ni maji ya tenki, yakipungua unajaza.

Kinga ni seli, na seli zinakula. Seli T, askari mmojawapo wa kinga anayezunguka kwenye damu, ikiwa imetulia inahitaji kidogo tu, inachoma mafuta na glukosi (sukari ya damu) taratibu ndani ya mitokondria zake, vile vijitanuru vya nishati vilivyomo ndani ya seli. Ikikutana na kijidudu inachokitambua, ndani ya saa chache inakuwa seli nyingine kabisa: inaongeza milango ya kuingizia glukosi kwenye utando wake, inaibugia kwa kasi na kuivunja harakaharaka nje ya mitokondria, hata kama oksijeni iko tele. Tabia hii Otto Warburg aliiona kwenye seli za saratani miaka ya 1920. Ukipiga hesabu ya nishati peke yake ni hasara, maana kwa njia hiyo glukosi moja inaipa seli ATP 2, yaani vipande 2 vya nishati, wakati mitokondria zingetoa kama 30. Ila seli inayojiandaa kuzaliana haiishi kwa nishati tu. Inataka malighafi: utando mpya, protini mpya, DNA mpya. Vipande vya glukosi iliyovunjwa ndivyo vinavyokwenda kwenye ujenzi huo. Vita ikiisha, zile chache zinazobaki na kumbukumbu ya adui hurudi kwenye mafuta na mitokondria. Na zipo seli T za kutuliza, ambazo kazi yake ni kuwazuia wenzao wasiushambulie mwili wenyewe. Hizo nazo huegemea zaidi kwenye mafuta.

Makrofeji, seli ya kinga inayomeza vijidudu na ambayo ndiyo hukutana na bakteria wa TB ndani ya pafu, inashangaza zaidi. Ikiamshwa, inaukatisha katikati mzunguko wa Krebs, ile hatua ya kuchoma chakula ndani ya mitokondria, ule tuliokariri sekondari bila kuambiwa unatuhusu nini. Suksineti, kemikali mojawapo ya mzunguko huo, inarundikana, na mrundikano huo ndio unaoiamuru seli itoe interleukini-1β, mjumbe wa homa na uvimbe. Sehemu nyingine ya mzunguko inageuzwa kuwa itakoneti, kemikali inayoweza kukwamisha kimeng'enya ambacho bakteria wa TB wanakitegemea, na papo hapo inaipoza makrofeji isije ikaharibu pafu lenyewe. Kwa maneno mengine, chakula cha seli na namna inavyokichoma ni sehemu ya amri yenyewe: pigana, tulia, kumbuka.

Sasa naomba muuza kopo anijibu. Anapandisha ipi? Ile inayoshambulia, au ile inayotuliza? Mgonjwa wa TB anaweza kuharibiwa pafu na uvimbe wa kinga yake mwenyewe. Ipo dawa inaitwa sirolimasi, wanayopewa baadhi ya watu waliopandikizwa figo, na kazi yake ni kuizima mTOR, protini inayoijulisha seli kwamba chakula kipo na ukuaji uendelee. Ukiizima hiyo, seli T zinapoa na figo jipya linasalimika. Hapo kinga imeshushwa makusudi ili mtu aishi. Hakuna daktari makini anayezungumzia kupandisha kinga bila kutaja seli, mahali na wakati.

Njaa nayo inaingia kwenye seli kwa njia inayojulikana. Mafuta ya mwilini hutoa homoni ya leptini. Mtu akikonda, leptini inashuka, na seli T ambazo zingetakiwa kuvuta glukosi na kuzaliana zinasinyaa. Wauguzi wa wodi za watoto wanalijua hili kwa macho: mtoto mwenye utapiamlo mkali anaweza kuwa na maambukizi mazito na asipate hata homa, mwili hauna cha kuwashia. Ndiyo maana mwongozo wa WHO unataka mtoto huyo apewe antibiotiki hata kama dalili za maambukizi hazionekani.

Na ukilisha watu, je? Jharkhand, India, walijaribu. Utafiti wa RATIONS, uliochapishwa mwaka 2023, ulifuatilia nyumba za wagonjwa 2,800 wa TB, zenye ndugu zaidi ya 10,000. Wagonjwa wote walipewa chakula. Tofauti ilikuwa kwa familia: kundi moja familia nzima ililetewa nafaka, jamii ya kunde na virutubisho vidogo kila mwezi, kundi lingine hapana. Kwenye nyumba zilizolishwa, TB mpya ilipungua kwa asilimia 39, na ile ya mapafu inayothibitishwa maabara kwa asilimia 48. Mchele na dengu! Nimeisoma taarifa hiyo mara nyingi na bado inanigusa. Kwa upande wa wagonjwa wenyewe, waliopata uzito mapema ndio walioponea kifo zaidi.

Mtu ataniambia India siyo Temeke. Sawa, nakubali. Basi twende Kilimanjaro. Watafiti wa Moshi wakishirikiana na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, walichukua vijana wa kiume 77 wenye afya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2025. Wa vijijini wakahamishiwa kwa wiki 2 kwenye vyakula vya kizungu, soseji, mkate mweupe, chipsi. Wa mjini wakarudishwa kwenye vyakula vya asili, mboga, kunde, ndizi, nafaka isiyokobolewa. Wengine wakanywa mbege, pombe ya ndizi, wiki 1. Waliohamia kizungu damu yao ilijaa protini za uvimbe, na seli zao za kinga zikawa zinajibu vijidudu kwa ulegevu. Waliorudi kwenye vya asili uvimbe ulishuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki 4 baadaye. Utafiti ni mdogo na ni wa wanaume tu, hilo nalo nakubali. Lakini ni damu yetu, siyo ya kuazima, na jiji letu linapika chipsi kila kona kuanzia Mbagala Rangi Tatu hadi Kimara.

Kisukari nacho kisisahaulike, maana hapo sukari imejaa kwenye damu na kinga bado dhaifu. Mwenye kisukari ana hatari ya TB kama mara 3 ya asiye nacho. Kila anayegundulika na TB apimwe sukari siku hiyohiyo.

Virutubisho vya kweli vipo, sikatai. Zinki kwa mtoto anayeharisha inasaidia, matone ya vitamini A yameokoa watoto wengi. Vyote hivyo vinatolewa kwa sababu inayojulikana na kwa kipimo kinachojulikana, na hakuna kinachouzwa kwa spika.

Ninachokidai kinawezekana. Halmashauri zetu tayari zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 za lishe kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5. Utaratibu upo, maofisa lishe wapo, fomu zipo. Madiwani wa Temeke, Ilala, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni waongeze mstari mmoja kwenye bajeti ijayo: maharage, dagaa, mafuta na unga wa dona kwa kila nyumba yenye mgonjwa wa TB, kwa miezi yote 6 ya dawa, na vitolewe dirisha lilelile anapochukulia vidonge.