Mafundi wa Mombasa wanaijua kazi, tatizo ni sisi wenye magari

Kila nikirudi Mombasa likizo lazima niyasikie haya maneno, na mara nyingi yatoka kwa sisi wenyewe tunaoishi nje: ati mafundi wetu si mafundi, ati ukitaka gari la zamani litengenezwe sawasawa basi lipeleke Ulaya. Mie nimechoka nayo. Nafanya kazi ya bodi kwenye gereji ya magari ya zamani hapa Coventry, Uingereza, huu mwaka wa 9, kukata kutu na kuchomelea bati kwenye E-Type, MGB, Triumph, na mara moja moja Datsun ikiingia naitwa mie kwa sababu wanajua naipenda. Kabla ya hapo nilishika gesi ya kuchomea Shimanzi, Mombasa, tangu nina miaka 17. Kwa hio pande zote mbili nazijua kwa mikono yangu, na nasema fundi wa Mombasa hajazidiwa ujuzi na fundi wa Coventry, amezidiwa muda. Na huo muda tunaomnyima ni sisi.

Niwape mfano wa gari ninalolijua kuliko yote. Ami yangu ana Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani, pale Tudor, Mombasa, ya 1972, rangi ya chungwa, inalala chini ya mwembe. Alilipenda hili gari kwa sababu ya Safari Rally, 1971 liliposhika namba moja na namba mbili, alafu 1973 Shekhar Mehta akashinda nalo tena, na mwaka huo alifungana pointi na Harry Källström ikabidi iangaliwe nani alienda mbali zaidi bila kupoteza pointi. Hio hadithi ya kufungana ami anaisimulia mpaka leo kama ilitokea juzi. Alilinunua kwa mtu miaka ya 80, na ndo gari lililompeleka bibi yake hospitali kujifungua, gari la viti viwili, wakaenda wawili wakarudi watatu, mtoto amepakatwa.

Huyo mtoto, dadangu, aliolewa 2016, nami nikataka gari la ami liingie harusini linang'aa. Nikatuma pesa, nikampigia simu fundi wa bodi, nikampa wiki tatu. Yule fundi aliniambia, "Kaka, hii boksi ya chini ya mlango imekwisha, yataka kufunguliwa, nipe miezi miwili." Mie nikamwambia we funika tu, harusi ikipita tutafungua. Akafunika. Ndani fila, ile lipu ya kuzibia bati, juu rangi, na picha za harusi zikatoka nzuri sana. Masika mawili baadae rangi ikaanza kufura malengelenge, nilipokuja nikachukua bisibisi nikasukuma pale, ikazama mpaka kwenye mpini, na nikasikia kutu inamwagika ndani ya boksi kama mchanga kwenye mkebe. Watu wa mtaani wakaanza kumsema fundi. Fundi kosa lake nini? Alisema ukweli, mwenye pesa ndo alikataa. Na 240Z haina chasisi ya peke yake, bodi yenyewe ndo chasisi, hio boksi ya chini ya mlango inabeba gari zima, kwa hio nilimweka ami na dadangu na bwana wake, kwa zamu, ndani ya gari linaloshikiliwa na rangi. Hili linaniuma mpaka sa hii.

Mwaka juzi ikaingia 240Z hapa gereji ina ugonjwa ule ule. Chumvi ya kwetu inaletwa na upepo wa bahari, chumvi ya huku wanaimwaga wenyewe barabarani wakati wa baridi kuyeyusha barafu, lakini kutu ni ile ile na inaanzia pale pale: chini ya betri kwa sababu ya asidi, sakafuni chini ya miguu, kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, na nyuma ya madigadi ya mbele kwa sababu maji ya kwenye kioo yanateremkia humo, majani yakiziba tope linabaki linakula bati polepole. Ile ya ami nilitoa majani ya mwembe gao zima, meusi, yamegeuka udongo.

Basi tulivofanya huku ni hivi. Kabla ya kukata chochote tulichomelea vyuma vya kushikilia kwenye nafasi za milango ili bodi isijikunje, maana ukikata boksi ya chini bila kushikilia, siku ya kurudisha mlango utajua hujui. Alafu tukakata, na kila ukidhani umefika bati safi unakuta bado, unakata tena. Bati jipya linashikwa vipande vifupi vifupi unaliacha lipoe usije ukalipinda kwa moto, alafu praima, ile rangi ya kwanza, alafu nta ya maji maji inapulizwa ndani ya boksi zote, kule jicho halifiki. Bodi peke yake ilikula masaa zaidi ya 400 na mwenyewe akalipa kila saa. Miezi 14 gari liko kwetu. Alikuja mara nne, akaangalia bati tupu, akanywa chai, akaenda zake, hakuna siku aliuliza mbona halijaisha.

Nikawa nasimama pale na taa ya kuchomea mkononi nawaza, yule fundi wetu wa 2016, ukimpa masaa 400 na umlipe kila saa, atakutolea kitu gani?

Jibu nilipata Disemba, nilipokuwa Mombasa na gari la ami. Kabureta za 240Z ni mbili, na ugonjwa wao mkubwa ni kile kijiti kinachobeba kipepeo, ile sahani ya kufungua na kufunga hewa, kinakula tundu lake, hewa inaingia pembeni, sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka yenyewe. Huku unazituma kwa posta kwa watu wanaofanya hio kazi tu. Mie nikazifunga kwenye gazeti nikampelekea mzee mmoja wa mashini ya kukereza kule Shimanzi. Akaishika kabureta usawa wa jicho, mwanga wa mlangoni unapita kwenye tundu, akakitikisa kile kijiti kwa vidole viwili, hakupima na kitu. "Mwanangu, hii imelika upande mmoja, springi yaivuta huku." Mie nimezishika miaka yote hio, wallahi sijawahi kulitazama hilo. Nikamuuliza, mzee, nikija jioni? Akaiweka chini. "Jioni ntakupa iliyoharibika. Njoo kesho kutwa."

Kesho kutwa nikakuta bushi nne za shaba zimeingizwa kwa kubanwa, kijiti kinazunguka kwa kidole kimoja na hakichezi hata chembe. Nilipozifunga na kuwasha, gari likatulia. Ami alitoka ndani na kikoi chake akasimama barazani, hakusema kitu, akasikiliza mpaka nilipozima. Huyo mzee ana jina la kutokubali haraka, ndo maana kazi yake ni ile. Wengine wote tumewazoesha vibaya, fundi yuaogopa kukwambia kesho kutwa kwa sababu anajua utaenda kwa jirani yake.

Na nisifiche, kwetu kuna mambo yanaudhi. Waya zinaungwa kwa kusokota na selotepu, speya bandia zinauzwa kwa bei ya halali, bolti za breki zinarudishwa zile zile zilizochoka. Lakini hata hapo fuatilia utakuta kuna mtu alibembeleza bei mpaka ya mwisho kisha akataka gari kabla ya Maghrib.

Huku nako wana yao. Kuna magari nimeyachomelea mie mwenyewe, mazuri mpaka unaogopa kuyagusa, sa hii yamefungiwa ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaopulizwa hewa, hayatoki. Wengine wanang'oa ile injini ya 2.4 ya silinda sita wanatia V8, gari la tani moja na kidogo, alafu breki wanaacha za zamani. Hilo kwangu ni kosa kubwa kuliko fila. Gari la zamani ukitaka kulitumia barabarani leo, na watoto na pikipiki na tuktuk, anza na kusimama, alafu kuona, alafu kupoza injini, nguvu ije mwisho kabisa kama bado unaitaka.

Kwenye breki sasa, hapa ndo Mombasa inanifurahisha. Watu wa 240Z huku na Marekani wamejua zamani kwamba kalipa za mbele, vile vishikio vya breki vinavyobana diski, za Hilux 4x4 ya mwanzo wa miaka ya 80, zile za pistoni nne, zinakaa kwenye tundu zile zile za 240Z ambayo ilikuja na pistoni mbili. Unakata tu lile bati la vumbi nyuma ya diski na kurekebisha paipu ya breki. Huku Hilux ya umri huo ni kitu cha kutafuta, wanaagiza, wanangoja, wanalipana. Nikamwambia binamu yangu, akaenda kuzitafuta Changamwe asubuhi, Adhuhuri ananitumia picha ya kalipa mbili ziko juu ya meza ya mahamri. Tukazifungua, sili mpya, pistoni hazina kutu, fundi wa breki akazifunga na akazitoa hewa mara mbili bila kuambiwa.

Taa nazo, hii wasikie wenye Datsun za zamani wote: umeme wote wa taa za mbele unapita kwenye ile swichi ya usukani, inachemka, siku moja inaungua na wewe uko njia ya Voi usiku. Tia relei mbili. Swichi inabaki kuamsha relei tu, umeme mzito unatoka kwa betri moja kwa moja, taa inang'aa zaidi na swichi inapumua. Ni kazi ya asubuhi moja na bei yake haifiki ya tairi moja. Na tafadhali msilishushe gari chini kwa matuta yetu haya, hizo za Safari zilinyanyuliwa na ndo zilizoshinda.

Kitu kinachonitia haraka mie, na hii ndo haraka pekee nayoikubali, ni kwamba Kenya gari likipita miaka 8 tangu lisajiliwe huko lilikotoka halikubaliwi kuingizwa. Sheria ina sababu zake. Lakini maana yake hizi Datsun, Escort na Peugeot za zamani zilizobaki Kisauni, Tudor, Ganjoni, zikiozea chini ya miembe hakuna meli inayotuteremshia nyingine Kilindini. Huku Uingereza gari likipita miaka 40 halilipi kodi ya barabara, na kama halijabadilishwa sana hata ukaguzi wa kila mwaka si lazima. Kwetu sisi linasubiri mtoto anayeishi nje atume pesa ya rangi kwa sababu ya harusi.

Kwa hio nimerudi kwa fundi yule yule wa 2016. Nilimwendea mwenyewe, nikamwambia kaka, ulikuwa sawa na mie nilikosa. Akacheka akaagiza kahawa. Tumeandikiana karatasi: analipwa kwa siku na si kwa kazi, muda miezi 10, vyuma vya kushikilia milango kwanza, hakuna fila wala praima mpaka binamu aje apige picha ya bati tupu. Bei haikubembelezwa. Ami amepewa kiti pale gereji, anaenda Jumamosi baada ya Alasiri na chupa yake ya chai.

Ijumaa iliyopita nimetumiwa picha. Boksi ya upande wa dereva imefunguliwa, ndani tundu linaingia ngumi, na pembeni yake fundi ameandika kwa chaki mstari wa kukata, alafu mstari wa pili vidole vitatu mbele ya ule wa kwanza. Ananiuliza akate wapi. Nikamwambia ule wa pili.